Viongozi wa wanafunzi watuletee taarifa za vikao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu serikali za wanafunzi wa vyuo vikuu, hasa wakati huu ambapo vyuo vingi viko kwenye kampeni za kuchagua viongozi wapya. Mimi ni mhasibu. Nilihitimu shahada ya kwanza miaka kadhaa iliyopita katika chuo kikuu kimoja cha umma, na nikiwa huko nilikuwa mwakilishi wa darasa, kisha waziri wa mikopo katika serikali ya wanafunzi. Ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu, na mengine niliyatenda mwenyewe, mazuri na mabaya.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye sasa yuko mwaka wa pili. Tulitembea kwa miguu kutoka kituo cha daladala hadi bwenini kwake, na njia nzima miti, nguzo za umeme na kuta za kantini zilikuwa zimebandikwa picha za wagombea waliovaa suti. Nilizisoma ahadi zao moja baada ya nyingine: intaneti ya bure mabwenini, bonanza kila muhula, chakula cha bei nafuu, fulana kwa kila mwanafunzi, sherehe ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza. Sikuona bango hata moja lililotaja vikao vya uamuzi vya chuo, yaani Seneti, Baraza la Chuo au bodi ya kitivo. Nilipomuuliza mpwa wangu kama anamfahamu anayemwakilisha kwenye Seneti, alisimama akafikiri, kisha akanijibu, "Mjomba, mimi namjua CR wetu tu," yaani mwakilishi wa darasa.

Simlaumu. Serikali ya wanafunzi ina kazi nyingi ndogondogo, lakini kazi yake kubwa ni kukaa katika vikao ambavyo mwanafunzi wa kawaida hawezi kuingia, kusema humo kwa niaba yake, na kurudi kumweleza kilichosemwa na kilichoamuliwa. Hiyo ya kurudi na kueleza ndiyo iliyopotea, na ikishapotea, hakuna tena anayeweza kujua kama mwakilishi alihudhuria kikao, kama alifungua mdomo, au kama alikubali kwa niaba ya maelfu ya wenzake jambo ambalo wao wangelikataa.

Viti hivyo vya vikao havikutolewa kwa hisani. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kilikuwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 15, na kilihamia Mlimani mwaka 1964. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga utaratibu wa kuwalazimisha wahitimu kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa huku wakikatwa sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akawajibu kwa hasira, akawarudisha makwao zaidi ya 300, na papo hapo akatangaza kwamba yeye mwenyewe atajipunguzia mshahara kwa asilimia 20. Kwa maoni yangu wanafunzi wale walikosea katika lile walilolidai, kwa kuwa walikuwa wachache mno waliosomeshwa kwa jasho la wakulima wengi mno. Hata hivyo ni wao walioifanya nchi nzima, kuanzia Rais, ianze kuzungumza hadharani juu ya ukubwa wa mishahara ya viongozi.

Julai 1971 hoja ilikuwa nyingine, na kwangu mimi ndiyo nzito zaidi. Rais wa DUSO, jumuiya ya wanafunzi wa Mlimani wa wakati huo, Symonds Akivaga kutoka Kenya, alifukuzwa chuoni na kurudishwa kwao baada ya mvutano kati ya wanafunzi na uongozi wa chuo, uliokuwa chini ya Makamu Mkuu Pius Msekwa, kuhusu namna chuo kilivyokuwa kikiendeshwa bila wanafunzi kushirikishwa. Wenzake waligomea masomo kwa ajili yake. Kisha Machi 1978 wanafunzi waliingia barabarani kupinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya mawaziri na wabunge. Mamia wakafukuzwa, DUSO ikapigwa marufuku, na nafasi yake ikachukuliwa na MUWATA iliyofungamana na chama tawala. Ilipita zaidi ya miaka 10 kabla ya wanafunzi wa Mlimani kuwa tena na jumuiya yao wenyewe, DARUSO, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa majirani zetu gharama ilikuwa kubwa zaidi: Titus Adungosi, aliyekuwa mwenyekiti wa SONU, jumuiya ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, na akafia gerezani kabla ya kukimaliza.

Leo Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 inazitambua jumuiya za wanafunzi, na wawakilishi wao wanakaa meza moja na maprofesa. Kwa hiyo ninapomwona kijana anaomba kura kwa ahadi ya fulana, naona kama amerithi shamba lililokombolewa kwa shida, naye anagombea kivuli cha mwembe mmoja tu.

Hata hivyo sina haki ya kumnyooshea kidole kijana huyo kabla sijaeleza yangu. Nikiwa mwaka wa pili nilichaguliwa kuwa mmoja wa wawakilishi wa wanafunzi katika bodi ya kitivo. Makabrasha ya kikao yaliletwa jioni ya kuamkia siku ya kikao, katika bahasha ya kaki, kurasa zaidi ya 40, nami nilikuwa na jaribio asubuhi. Niliyafungua, nikasoma agenda, nikayafunga. Kesho yake nilikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango, nikiwa nimevaa tai ya kuazima. Tulipofika kwenye ratiba ya mitihani ya marudio, mwenyekiti aliinua macho akauliza, kwa upole kabisa, "Wanafunzi, mna la kusema?" Nikajibu, "Hapana, Mwenyekiti."

Katika ukurasa ambao sikuufungua palikuwa na pendekezo la kuziwahisha sapu, yaani mitihani hiyo ya marudio, zifanyike wiki tatu tu baada ya matokeo kutoka, badala ya mwisho wa likizo ndefu kama ilivyozoeleka. Wiki hizo wengi wetu walikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo mikoani. Bodi ilipitisha, na sikumwambia mtu yeyote, kwa sababu sikujua kwamba kuna la kuambiwa. Mwenzetu mmoja wa darasa alikuwa Kigoma. Habari ya tarehe mpya ilimfikia zikiwa zimebaki siku mbili, hakuwa na nauli mkononi, na mtihani ukampita. Alirudia mwaka mzima kwa ajili ya somo moja. Tulipokutana chuoni muhula uliofuata hakunilaumu, maana hata yeye hakujua kwamba uamuzi ule ulipita mbele yangu, na mimi ndiye niliyeulizwa.

Nimelisimulia hili kwa sababu naamini linatokea kila mwaka katika vyuo vingi, na halionekani. Mwanafunzi anapogongana na kanuni mpya huwa anadhani imeshuka kutoka "juu", kumbe katika safari ya kushuka kwake ilipita kwenye meza ambayo kijana mwenzake alikuwa amekaa. Kijana huyo akiwa amesoma makabrasha, akawauliza wenzake siku moja kabla, akanyanyua mkono na kusema kwamba wiki hizo wanafunzi wako Kigoma, Mtwara na Bukoba, walimu wale wangemsikiliza. Nimefanya kazi na watu wa aina ile. Wengi wao hawakuwa na nia mbaya, hawakuwa na taarifa tu.

Upande wa mikopo nilijifunza jambo lingine. Siku nilipokabidhiwa wizara nilipewa ufunguo wa kabati na muhuri. Kabatini palikuwa na kikombe cha plastiki na karatasi za kura za mwaka uliotangulia. Muhuri nao tarehe yake ilikuwa imeganda, haizunguki. Hapakuwa na jalada, wala barua hata moja iliyowahi kuandikwa na mtangulizi wangu, wala orodha ya wanafunzi ambao matatizo yao hayakuwa yamekwisha. Wakati huo foleni nje ya mlango ilikuwa imefika kwenye ngazi, kwa kuwa bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, la robo ile lilikuwa limetoka na wengi hawakuona majina yao kwenye karatasi za kusaini. Nilinunua kaunta buku dukani, nikachora mistari kwa rula, nikaanza kuandika jina, namba ya usajili, kozi, tatizo, tarehe.

Katika wiki ya pili nilikuwa na majina zaidi ya 100, na nilipoyapanga kwa aina ya tatizo niligundua kwamba karibu nusu ya watu hao walikuwa na jambo moja linalofanana: walikuwa wamebadilisha kozi mwanzoni mwa mwaka, na ofisi mojawapo ya chuo haikuwa imepeleka mabadiliko hayo kwa Bodi ya Mikopo, hivyo kule walikuwa bado wanahesabiwa katika kozi ambazo hawasomi. Wenzangu serikalini walikuwa tayari wameshaitisha mkutano wa hadhara na wengine walikuwa wanataka kufunga barabara. Niliomba nipewe siku 3. Tulikwenda watu wawili na nakala ya orodha ile, tukaonana na mhusika, naye akaitazama, akanyamaza, kisha akamwita karani wake. Barua iliandikwa mchana ule. Fedha hazikuja kesho yake, zilichukua wiki kadhaa, na wapo waliokula mlo mmoja kwa siku katika kusubiri. Lakini zilikuja, na hakuna aliyesimamishwa masomo.

Sisemi kwamba wanafunzi wasikusanyike na kupaza sauti. Yapo mambo ambayo bila watu wengi kusimama pamoja hayasikiki, na historia niliyoitaja inaonyesha hivyo. Ninachosema ni kwamba sauti isiyo na orodha mkononi hujibiwa kwa ahadi, na ahadi hupoa kabla ya muhula kwisha. Mambo makubwa yanayomgusa mwanafunzi siku hizi yanaamuliwa kwa karatasi. Mwaka 2016, kwa mfano, sheria ya Bodi ya Mikopo ilipofanyiwa marekebisho na makato ya mnufaika aliyeajiriwa yakawa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, waliokuwa wanaamuliwa hali yao ya miaka mingi mbele ni vijana ambao wakati huo walikuwa bado wanakimbilia vipindi vya saa moja asubuhi. Jumuiya ya wanafunzi yenye watu wa kusoma miswada, kukokotoa mifano ya mishahara na kuandika maoni ya kurasa mbili kwa wakati, ina nguvu ambayo haihitaji kipaza sauti.

Tatizo la kabati tupu linatokana na muda. Kiongozi wa wanafunzi anakaa madarakani mwaka mmoja, na ukitoa miezi ya mitihani, likizo na mafunzo kwa vitendo, anabakiwa na miezi isiyofika saba. Akijua njia za ofisi, muda wake umekwisha. Menejimenti inabaki ileile, inakumbuka kila kitu. Wanafunzi kila mwaka wanaanza sifuri. Hata suala ambalo mtangulizi alilifikisha nusu ya safari, mrithi analianzisha upya kwa barua mpya, na anajibiwa kwa jibu lilelile la kwanza. Kwa hiyo ningependa makabidhiano yawe jambo la kikatiba katika jumuiya zetu, kwamba kiongozi haondoki, na cheti chake cha uongozi hakitolewi, mpaka awe amekabidhi jalada lenye barua zilizotumwa na zilizopokewa, mihtasari ya vikao, mahesabu, na maelezo ya mambo yaliyobaki, na bunge la wanafunzi liwe limelipokea jalada hilo mbele ya wote.

Nikiwa mhasibu, naomba niseme maneno machache kuhusu mahesabu. Kila mwanafunzi analipa ada ya jumuiya pamoja na malipo mengine anapojisajili. Kiasi hicho kwa mtu mmoja ni kidogo, lakini kikizidishwa kwa maelfu ya wanafunzi kinakuwa bajeti ambayo shirika dogo lingejivunia. Katika miaka yangu yote chuoni sikuwahi kuona taarifa ya mapato na matumizi ya fedha hizo ikibandikwa ubaoni, ingawa nilikuwa ndani ya serikali yenyewe. Karatasi moja inatosha, yenye safu ya kilichoingia, safu ya kilichotoka, na sahihi ya mtu aliyekagua. Kijana anayezoea akiwa na miaka 22 kwamba fedha za watu hazisomwi hadharani, tutampata baadaye halmashauri, na tutamlalamikia kama kwamba hatujui alikojifunzia.

Kuna wanaosema dawa ni kubadili namna ya kuchagua, na wanatoa mfano wa Kenya. Aprili 2016 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kutokana na ghasia zilizofuatia uchaguzi wa SONU, na mwaka huohuo sheria ya vyuo vikuu ya nchi hiyo ilirekebishwa, kura ya moja kwa moja ikaondolewa. Chini ya marekebisho hayo wanafunzi huchagua wajumbe wao, na wajumbe hao ndio wanaochagua viongozi. Naelewa hofu iliyowafikisha huko, maana kampeni za pale zilikuwa zimekuwa za fedha nyingi na mapigano. Lakini sioni kama njia hiyo inafaa kuigwa. Ukipunguza idadi ya wapiga kura, umepunguza pia idadi ya watu wa kuhongwa, na aliyekuwa anahitaji fedha za kuwashawishi maelfu sasa anahitaji za kuwashawishi makumi. Zaidi ya hayo, mwanafunzi ambaye hakumpigia kura kiongozi wake hatahisi kuwa na haki ya kumdai taarifa.

Upande wa uongozi wa vyuo nao una deni. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi, kama jina lake linavyosema, ni ya kushauri. Pale inapogeuka kuwa ofisi ya kuchuja nani agombee na nani asigombee, au ya kumwita kiongozi usiku kumtaka afute tangazo lake, inawafundisha vijana kwamba usalama uko katika kunyamaza. Makabrasha nayo yatoke mapema. Bahasha ya kaki inayofika jioni ya kuamkia kikao inamnyima mwanafunzi nafasi ya kusoma na ya kuuliza waliomtuma, na siku 7 si nyingi kwa ofisi yenye kompyuta.

Jambo moja zaidi siwezi kulipita, ingawa linastahili barua yake lenyewe. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, lakini binti anayesumbuliwa na mwalimu mara nyingi hajui aanzie wapi, na anaogopa kwamba akienda ofisini habari itamtangulia darasani. Mtu wa kwanza anayeweza kumwendea ni mwanafunzi mwenzake aliyechaguliwa. Nilipokuwa waziri alinijia binti mmoja, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akasema amekuja kuuliza habari za mkopo. Tuliongea habari za mkopo kwa dakika 10, naye hakuwa na tatizo lolote la mkopo. Akaondoka. Sikuelewa mpaka miezi mingi baadaye, nilipomsikia rafiki yake akieleza. Viongozi wa wanafunzi wafundishwe namna ya kusikiliza, namna ya kutunza siri, na mahali pa kumpeleka mtu, kuanzia dawati la jinsia mpaka TAKUKURU, na mafunzo hayo yafanyike wiki ya kwanza baada ya kuapishwa.

Ombi langu kwa wanafunzi wanaopiga kura msimu huu ni jepesi kutekeleza. Mgombea anapomaliza kusema kwenye mdahalo, mmoja wenu asimame amuulize: "Ukitoka kwenye kikao cha Seneti, sisi tutajuaje kilichoamuliwa, na baada ya siku ngapi?" Mwenye jibu la kueleweka, kwamba ataandika ukurasa mmoja ndani ya wiki moja, ataubandika kwenye mbao za vitivo na kuutuma kwenye makundi ya WhatsApp ya madarasa kupitia kwa ma-CR, akiacha tu yale ambayo kikao kimeyafanya kuwa siri, huyo anajua anakwenda kufanya nini.

Mpwa wangu nimempa swali hilo kwenye karatasi. Ameniambia mdahalo wa kitivo chao ni Jumamosi jioni na kwamba anaona aibu kusimama mbele za watu, lakini karatasi ameiweka ndani ya daftari lake, na jana usiku alinitumia ujumbe kuuliza kama anaweza kuongezea swali la pili, la mahesabu.

Msomaji wako,
Morogoro